Swabra wa Bango

Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, Swabra alipiga pasi ovaroli yake ya bluu, akafunga mtandio, akanywa chai ya rangi kwa kiporo cha mhogo, akatoka kwenda kuomba kazi. Alikwenda kuomba kazi kila Jumatatu. Mama yake, Bi Mwanarehema, alimsindikiza mpaka mlangoni kwa dua, kama kawaida, kisha akarudi kujinyoosha.

Njia ya kutoka kwao Mikindani hupita steji ya matatu, na hapo stejini palikuwa na bango kubwa. Corona ilipofunga kiwanda cha nguo na wanawake wakarudishwa majumbani, mashirika matatu ya kimataifa yaliungana ili kuwatafutia kazi nyingine, hata zile ambazo watu wamezoea kuwapa wanaume. Swabra alifunzwa kuchomelea vyuma. Alifunzwa vizuri, na mkono wake wa kushoto una kovu la kushuhudia. Siku ya kuhitimu, mpiga picha alimsimamisha mbele ya ukuta mweupe, akamwambia, "Cheka kidogo, dada. Mkono huo wenye kovu uweke nyuma." Picha hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye bango, chini ya maneno KAZI KWA WOTE, na nembo za mashirika yote matatu zikapangwa miguuni pake.

Asubuhi hiyo picha haikuwepo. Palibaki tundu lenye umbo la mwanamke, na katika tundu hilo Swabra aliona kibanda cha mboga cha Margret, kilicho upande wa pili. Akaangalia saa, akaendelea na safari yake.

Langoni mwa karakana ya kutengeneza makontena, kule Changamwe, askari Mzee Changawa alikuwa anakula mahamri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lakini wewe si umeshapita?"

"Sijapita."

"Umepita saa moja. Ila ulikuwa mwembamba zaidi."

"Huyo ni picha yangu, mzee."

"Najua ni picha, mimi si kipofu. Lakini ameniamkia vizuri, nami nikamfungulia."

Msimamizi, Bwana Erastus, mtu mpole kutoka bara, alitoka ofisini. Kila Jumatatu alikuwa na jawabu moja kwa Swabra: karakana haina shida na wanawake, shida ni choo. Choo ni kimoja, cha wanaume, na mlango wake haufungi. Leo alikuwa na jawabu jipya.

"Sista, nafasi ya mwanamke imejazwa. Na ni wewe umeijaza, kwa hivyo hongera."

"Yule hawezi kuchomelea, Bwana Erastus. Ni turubai. Cheche moja tu, ametoboka."

"Hayo ya kuchomelea tutayaona pole pole. Lakini choo haendi. Tangu aingie sijamwona akienda hata mara moja."

Swabra akarudi nyumbani, kwa sababu ilikuwa kweli.

Karakana ilimzoea upesi Swabra wa Bango. Hakuwa na mtoto wa kuugua, hakuomba ruhusa, hakunung'unika. Alishika mashine isiyowashwa, akatabasamu. Upepo ulipovuma walimfunga kwenye nguzo kwa kamba. Akigeuka ubavu haonekani, kwa hivyo fundi Kalama, aliyekuwa jirani yake, alizoea kupiga hodi kabla ya kurusha nyundo chini. Cheche za wenzake zilipomtoboa, Kalama alimbandika viraka vya karatasi ya gundi na kumwomba radhi.

Jioni ya siku ya kwanza, kwa kuwa hakuwa na jamaa wengine, Swabra wa Bango alikwenda kwao Swabra, nembo tatu zikiburuzika nyuma yake.

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Watoka kazini?"

"Natoka kazini."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanarehema. "Mmoja wenu amepata."

Akapigilia msumari ukutani, mbali na jiko, akamtundika apumzike. Mwisho wa mwezi, Swabra wa Bango alileta bahasha yenye picha ya mshahara. Bi Mwanarehema aliigeuza huku na huku, akasema imetoka vizuri, akaiweka kabatini.

"Huko kazini wafanya nini?" Swabra alimwuliza siku moja, wakati akimpangusa vumbi.

"Nasimama."

"Waweza kuniachia nafasi?"

"Ningependa, dada. Lakini kurudi bangoni sijui. Nilisoma yale maneno yaliyo juu ya kichwa changu, nikaona aibu kukaa bure."

Swabra alimaliza kumpangusa. Aibu hiyo aliijua.

Baadaye mashirika yakaja kutembelea karakana. Yalikuja kwa magari matatu, ingawa wageni wangeenea katika moja, maana ushirikiano ni ushirikiano. Wote walifurahia walichokiona. Afisa wao, Bi Nasreen, mtoto wa Likoni mwenye moyo safi, akamwona Swabra amesimama langoni.

"Dada, mbona uko ndani na tena uko nje?"

"Ndani hakuna choo changu."

Bi Nasreen alisikitika kwa dhati, na hakukaa na masikitiko yake. Choo kikajengwa. Shirika la kwanza likatoa kuta, la pili paa, la tatu maji. Mlango haukuwa umeangukia shirika lolote, basi Swabra akaitwa auchomelee kwa kibarua. Aliuchomelea nje ya lango, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa. Alipotia komeo akalijaribu, likafunga. Akaweka kiganja juu ya chuma kilichokuwa bado cha moto kidogo, akasema moyoni, "Ya Rabbi, nijaalie niingie kazini kwa mlango huu."

Siku ya ufunguzi, bango lilihamishwa kutoka stejini, likatundikwa kando ya choo. Tundu lilikuwa linaharibu sura ya shughuli, kwa hivyo Swabra aliombwa asimame nyuma yake alizibe. Lilimkaa sawa, ila kiunoni lilimbana, kwa kuwa mpiga picha alikuwa amempunguza. Sheikhe aliomba dua, mchungaji akaomba, kisha kila shirika likatoa hotuba. Swabra wa Bango alikata utepe, akapigiwa makofi.

Katikati ya hotuba ya tatu Swabra alichomoka tunduni, akamwendea Mzee Changawa.

"Mzee, naomba ufunguo wa choo."

"Choo ni cha mfanyakazi wa kike, mwanangu. Ufunguo anao mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa jukwaani, anapokea cheti. Swabra alivuka barabara mpaka choo cha msikitini, upande wa akina mama. Kwa kuwa ameshafika na ameshatia udhu, akaswali rakaa mbili, akamwombea Bwana Erastus kwa jina. Aliporudi alimkuta kivulini na soda.

"Bwana Erastus, choo sasa kipo."

"Kipo, sista, na ni kizuri. Lakini nafasi ni ya mwanamke mmoja. Nikiajiri wa pili, huyo atakitumia, kitachafuka, na wageni wanarudi mwezi ujao."

Mpiga picha alikuwa anawaita. Swabra akarudi tunduni.

"Cheka kidogo, dada. Ule mkono uweke nyuma."

Akacheka kidogo. Picha ilitoka nzuri kuliko ile ya kwanza, na mashirika yakakubaliana kutengeneza bango jipya.

Jumatatu iliyofuata Swabra alipiga pasi ovaroli yake, akanywa chai, akatoka. Bango jipya lilikuwa limeshasimamishwa stejini, maneno ni yale yale. Katikati palikuwa na tundu, na ndani ya tundu kibanda cha Margret.

"Umepita sasa hivi," Margret akamwambia, akipanga nyanya. "Ulikuwa na haraka, hata hukunisalimia."

"Nisamehe, Mama."

Akaangalia saa, akaendelea na safari yake, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu.

Jioni alirudi nyumbani, ovaroli bado ina mikunjo ya pasi. Bi Mwanarehema alikuwa amesimama juu ya stuli na nyundo mkononi, anapigilia msumari wa pili.