Ukuta Mmoja, Mishahara Miwili

Hakuwa na pensheni. Hakuwa na likizo ya ugonjwa, ingawa mgongo wa kuuma alikuwa nao. Hakuwa na kiti cha kukalia saa ya chakula, na nywele nazo zilishamkimbia zamani. Alichokuwa nacho ni vyeti kumi na kimoja vya shukrani, kimoja kwa kila mwaka wa kazi, ambavyo mkewe alivibandika sebuleni kuziba nyufa.

Kazini walimwita Winchi. Kituo kile cha watu wenye ulemavu kiliendeshwa na shirika la hisani kwa fedha za wizara, na hakikuwahi kununua mashine ya kuinulia watu, kwa kuwa kilikuwa naye. Kila asubuhi aliwatoa watu tisa vitandani, akawaogesha na kuwaweka kwenye viti vya magurudumu. Ng'ambo ya ukuta, katika hospitali ya serikali, shemeji yake alifanya kazi hiyohiyo kwa mshahara karibu mara mbili, na mashine ya kuinulia juu yake.

Winchi aliwahi kuuliza. Mkurugenzi alimjibu kwamba mafungu hupangwa na wizara. Wizara ikamjibu kwamba yeye si mwajiriwa wake, aongee na mkurugenzi. Mkurugenzi akaongeza kwamba hapa sote ni familia, kisha familia ikabaki inatazama gari lake likitoka getini.

Jumatatu moja Winchi alifika na barua ya kukubali kazi mpya mfukoni, bahasha bado wazi. Hospitali ilikuwa imempa nafasi, naye alikuwa na wiki tatu za kukubali. Kilichomkwamisha ni Mwalimu, mzee aliyepooza kuanzia shingoni, ambaye kiungo chake pekee kilichofanya kazi ya ziada ni mdomo. Wahudumu watatu wa Mwalimu wa zamu ya jioni walikuwa wamehamia ng'ambo ya ukuta. Mgeni aliyewekwa badala yao alimwangusha bafuni, akamvunja mfupa wa mtulinga, begani.

Winchi alimwambia habari ya barua hiyo akiwa anamnyoa ndevu.

"Umengoja wembe ufike shingoni ndipo unipe habari," Mwalimu alisema. "Una akili kuliko sura yako inavyoonyesha."

"Watoto wangu hawali vyeti, mzee wangu."

"Nani kakwambia ubaki? Ningekuwa na miguu ningeshakutangulia."

Kisha akataka asomewe lile tangazo la ukutani kwenye korido. Winchi alilijua vizuri: kwenye msumari wake alitundika aproni yake kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Kulisoma hakuwahi. Akamsukuma Mwalimu hadi koridoni, akaondoa aproni ukutani, akasoma kwa sauti kwamba mhudumiwa yeyote akilalamika kwa maandishi, wizara itamjibu ndani ya siku kumi na nne.

Mhudumiwa. Miaka yote walilalamika wahudumu.

Mwalimu akaamuru kalamu ishikwe, akatamka: "Anayeniinua hulipwa nusu ya mwenzake wa ng'ambo ya ukuta, kwa hiyo wote huruka ukuta. Mgeni aliyewekwa kuniinua aliniangusha. Nimefundisha hesabu miaka ishirini: kuunga mfupa wangu kumewagharimu zaidi kuliko nyongeza ya mshahara. Naomba jibu, na mizani ya kupima mishahara hiyo miwili."

Winchi alitaka kumalizia na maneno ya unyenyekevu. Mwalimu akakataa, akasema unyenyekevu wa kituo hiki wizara imeutumia vya kutosha. Akasaini kalamu ikiwa menoni, herufi zikitambaa kama jongoo mlevi.

Winchi alipopeleka bahasha mdomoni mwake, Mwalimu alimzuia. "Barua ni yangu, mate yawe yangu."

Akailamba ukingo mzima, taratibu, akalalamikia ladha ya gundi.

"Siku kumi na nne," alisema. "Wakinyamaza, niletee na ile yako. Nitailamba pia."

Winchi aliikandamiza bahasha gotini mpaka ikashika. Akamsukuma Mwalimu hadi sanduku la posta lililo kwenye kona, akaitumbukiza. Ile nyingine ilibaki mfukoni, haijafungwa.