Fungu la Khalif

Mimi huuza vitabu kwa fungu, kama nyanya. Vitano pamoja, nimevifunga na kamba ya katani, na huwezi kuchomoa kimoja ukaniachia vinne. Watu wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, walinicheka mwanzoni. Siku hizi wamezoea, na kwa sababu ni watu wa soko, lazima waombe nyongeza. Mtu amebeba vitabu vyake vitano vizuri, haondoki, anakukodolea macho tu. "Na nyongeza, Maktaba?" Kwa hivyo fungu langu ni vitano na kimoja chembamba juu.

Maktaba ndio mimi. Jina la nyumbani ni Nzau. Nina diploma ya ukutubi, niliipata wakati nywele zangu bado zilikuwa zinaishi na mimi. Maktaba iliyoniajiri ilikaa miaka mitatu ikageuzwa ukumbi wa harusi, nikabaki na jina na maumivu ya mgongo.

Fungu lina sheria. Kimoja cha damu, yaani mtu awe amekufa kabla ya ukurasa wa kumi. Kimoja cha mapenzi. Kimoja cha mambo ya kale. Kimoja cha kazi ya mikono, kufuga au kupika au kushona. Cha tano ni cha kukusumbua, kile ambacho ukiachiwa uchague mwenyewe hungekigusa: mashairi, ama mtu anawaza tu kurasa mia mbili na hakuna kinachotokea. Nachanganya kwa sababu sijui. Miaka kumi na tisa kwa hii meza na bado sijui mtu atashikwa na nini. Nilimpa dereva kitabu cha safari, akaniambia barabara ameona za kutosha, anataka mapenzi. Kuna mama wa kwaya ananunua damu tu, na anauliza kama ni nyingi.

Kuna sheria nyingine, na hii tafadhali muishike. Jirani yangu Mwelu anauza njugu. Kati ya meza yangu na jiko lake kuna jiwe. Karatasi yoyote ikilala chini ya jiwe asubuhi ni yake ya kufungia njugu. Vitabu vya mtumba hufa sana, panya, mvua, mtoto na kalamu. Kikifa nakizika hapo, na Mwelu anakigawia mtaa mzima kikiwa na chumvi. Hiyo sheria niliitunga mimi mwenyewe, na nikamfokea Mwelu mara mbili kwa kutoifuata.

Sasa. Jumamosi moja ya Julai, ile baridi ya kuuma magoti, akaja Ruqiyo. Ruqiyo anauza pazia na mashuka safu ya pili, na kwa kawaida huyu mama hatembei, anapita mbio. Siku hiyo alikalia kigoda changu bila kuuliza.

"Maktaba, nifungie fungu."

"Niaje, mama. Hata salamu hakuna?"

"Salamu imeisha. Khalif amekataa mashine."

Khalif ni bwanake. Aliendesha lori miaka ishirini na tano, Nairobi mpaka Garissa na mbele zaidi, mpaka figo zikagoma. Anaoshwa damu kwa mashine hospitalini mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, masaa manne amefungwa kwa kiti. Alhamisi hiyo alikuwa amelala akageukia ukuta.

"Anasema nini?"

"Anasema amechoka. Anasema masaa nne anaangalia dari, hiyo dari ameshaijua kuliko anavyonijua mimi." Alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake, anakunjua, anakunja. "Nesi ameniambia akikosa na Jumatatu pia, maji inapanda kwa mapafu. Ameniambia hivyo, Maktaba, kama mtu anakuambia duka inafungwa saa ngapi."

Nikachukua kamba ya katani.

"Alikuwa anasoma kwa lori," Ruqiyo akasema. "Foleni ya mizani, foleni ya daraja. Kila kitu alikuwa anasoma, hata karatasi ya dawa ya ng'ombe. Nichanganyie. Kila aina. Moja tu imshike, wallahi, moja tu."

Nimepimia watu vitabu kwa sababu ya mitihani, kwa sababu ya talaka, kwa sababu ya stima kupotea. Kumpimia mtu ili aende akae kwa mashine, hiyo hawakutufundisha diploma. Nikachukua muda. Cha mapenzi, mwalimu mjane na fundi wa saa. Cha kale, watu waliojenga reli na waliokufa wakiijenga. Cha mikono, kufuga kuku kwa nafasi ndogo. Cha kusumbua, mashairi ya mtu anayelalamikia mvua. Cha damu nikasita, nina vingi, mwisho nikatoa kimoja cha tajiri wa makaa aliyepatikana amekufa ndani ya stoo yake, mlango umefungwa kwa ndani. Kilikuwa kinene, kimelegea mgongo. Nyongeza, kijitabu cha vitendawili.

"Hii ya makaa umesoma?" Ruqiyo akauliza.

"Mwenye bucha hali kila nyama, mama. Lakini naijua kwa uzito."

Akanitazama vile wanawake wa soko hutazama mizani ya mtu. Akabeba.

Jumanne asubuhi nikamwona anakuja, anapita kama zamani, nikajua Khalif alienda. Nikaanza kujipongeza, na hiyo huwa ni makosa.

"Alienda," akasema. "Masaa manne. Ya mapenzi ameisukuma, anasema mapenzi ya nini na mimi hata maji napimiwa na kikombe. Ya reli anasema hao watu hadithi zao anazijua, wamedanganya. Mashairi nesi amechukua. Ya kuku sasa anataka kuku juu ya paa, hiyo tutaongea mimi na wewe siku nyingine."

"Na ya makaa?"

"Ya makaa!" Akaitupa kwa meza. "Ameisoma kwa mashine, ameisoma usiku, hajalala. Saa kumi na moja asubuhi akapiga kelele nikafikiria ni moyo. Fungua nyuma."

Nikafungua nyuma. Ukurasa wa mia moja themanini, afisa wa polisi amewaita wote sebuleni, amesimama, amevua kofia, anasema, "Aliyemuua marehemu yuko katika chumba hiki, naye ni." Halafu gamba la kitabu. Basi.

"Amesema Alhamisi haendi," Ruqiyo akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Amesema hata kitabu sasa inamchezea. Ameshageukia ukuta tena, Maktaba."

Hapo ndipo nilikumbuka. Kile kitabu kilikuwa kimechomoka mkia, kurasa arobaini hivi, na nikautoa ili niupake gundi siku jua likitoka. Jua la Julai nani analingoja. Na upepo ulikuwa unavuma, nikaubana chini ya kitu kizito kilichokuwa karibu.

"Mwelu," nikaita, polepole.

"Nini?"

"Jumamosi, chini ya jiwe. Kulikuwa na karatasi?"

"Nzuri sana. Ngumu ngumu. Zinashika njugu bila kuvuja."

"Zilikuwa mkia wa kitabu."

"Aiya! Si ulisema kilicho chini ya jiwe ni changu? Si ulinifokea mbele ya watu?"

"Nilisema."

"Basi usiniangalie hivyo. Ningeuliza ungeniambia sina masikio."

Alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachochosha mtu wa umri wangu kama jirani mwenye haki. Tukamwaga beseni lake. Tukakunjua vikoni vyote, zile karatasi alizosokotea njugu, tukirudisha njugu kwa sufuria, Ruqiyo naye amepiga magoti, yeye mwenye mashuka meupe, vidole vimejaa ngozi za njugu. Vingi vilikuwa vya hesabu ya darasa la sita na vya kalenda. Tukapata ukurasa wa mia moja themanini na nne. Tukapata wa mia moja tisini na moja. Halafu nikaenda stendi ya matatu, mimi na umri wangu, nikaokota vikoni chini ya miguu ya makanga.

"Buda, unatafuta nini?"

"Mwuaji."

"Ako hapo kwa gari ya mbele!"

Wakacheka, lakini mmoja akatoa kikoni mfukoni, amekitafuna ncha, na kilikuwa chetu: mia mbili na saba. Mpaka jioni ya Jumanne nilikuwa na kurasa saba kati ya arobaini. Zote na mafuta, zote na chumvi. Hakuna hata moja iliyotaja mwuaji.

Jumatano nilifunga meza mapema nikaenda kwao. Wanaishi zile nyumba za Umoja zilizoongezwa juu mpaka zikasahau zilianza vipi, ngazi nyembamba, kila ghorofa na harufu yake ya chakula. Njiani nilikuwa natunga. Ningemwambia nimeisoma, ni karani wa stoo, alikuwa na ufunguo wa pili. Ni rahisi. Vitabu vingi huisha hivyo. Nilipanda ghorofa mbili nikiongeza sababu, na kwa ya tatu nikawa nimechoka hata kudanganya.

Khalif alikuwa kitandani, uso ukutani. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa kama mandazi. Ruqiyo akaniwekea kiti akasimama mlangoni.

"Warya, Nzau," Khalif akaniita kwa Kisomali bila kugeuka. "Umeleta mwisho?"

"Nimeleta saba kati ya arobaini."

"Zingine?"

"Zimeliwa na mtaa. Niliziweka chini ya jiwe la Mwelu. Makosa yangu."

Chini ya dirisha mtu alikuwa anagonga bati.

"Si ungenidanganya tu," akasema.

"Nilikuwa nimepanga. Ngazi zenu zimenimaliza."

Mabega yake yakatikisika kidogo. Sikujua kama ni kicheko ama ni pumzi imekataa. Akageuka, ikamchukua muda, akanyoosha mkono. Nikampa. Akazisogeza karibu na pua.

"Hii ni njugu."

"Ni njugu."

"Mimi njugu nimekatazwa. Chumvi nimekatazwa. Mwaka mzima." Akatazama mlangoni, akaona mkewe ameinama kuokota kitu, akalamba pembe ya ukurasa wa mia moja tisini na moja. Haraka, kama mtoto.

"Khalif! Nimekuona!"

"Nilikuwa nafungua ukurasa!"

"Na ulimi?"

"Sasa ukurasa inafunguliwa na nini, kisigino?"

Ruqiyo akampokonya, akaufuta na kanga, akamrudishia, akampiga bega, si kwa nguvu. Halafu akageuza uso, akajishughulisha na pazia iliyokuwa sawa kabisa.

Khalif akasoma zile saba zote. Nilikaa. Sikuwa na nguvu ya kushuka ngazi. Alizipanga kwa shuka zikiwa na nafasi katikati, akazitazama vile dereva hutazama barabara ambayo mvua imebeba madaraja.

"Mia mbili na saba, dada ya tajiri analia," akasema. "Anapewa maji. Huyu hajafungwa pingu. Unaona? Kwa hivyo si dada."

"Labda ni dada, analia kwa sababu ameshikwa."

"Unaongea kama Mbaluka."

"Mbaluka ni nani?"

"Kiti ya pili. Mzee wa kuchonga vinyago, mashine yake inaanza pamoja na yangu. Macho yake imeenda, Jumatatu nilikuwa namsomea kwa sauti. Anasema ni dada tangu ukurasa wa ishirini. Nesi anasema ni mpishi. Mimi nasema karani." Akavuta pumzi, ilikwama katikati, akaingoja. "Sasa mimi nikikosa kesho, huyo mzee atasema nimekimbia kwa sababu ni dada."

Mimi nilikuwa natazama sakafu. Ruqiyo alikuwa ameshika pazia, hageuki.

"Nitazibeba," Khalif akasema. "Masaa nne inatosha kujaza mashimo." Halafu, "Lakini nimechoka, Nzau. Usifikirie kitabu imeniponya. Nimechoka sana."

"Najua."

"Basi."

Alhamisi asubuhi meza ya Ruqiyo ilikuwa imefunikwa na turubai, mawe pembe nne. Nilipita hapo mara tatu kuhakikisha imefunikwa. Mwelu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia napasha magoti moto.

Ruqiyo alirudi alasiri kutoka hospitali. Akakalia kigoda.

"Wamepigana," akasema. "Watu wawili wamefungwa kwa mashine wanapigana kwa maneno, nesi anaamua. Mzee Mbaluka amesema kama karatasi zimepotea, ni huyo karani wa Khalif amezificha." Akasugua macho kwa viganja. "Amerudi amelala. Miguu imepungua."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu haijafika." Akaangalia vitabu vyangu, safu kwa safu. "Nifungie fungu ingine. Changanya vile vile. Ya kusikilizwa na watu watatu. Na Maktaba, angalia mikia."

Nikamwambia arudi kesho. Nikakaa, nikavuta rundo la kwanza, nikaanza kufungua kila kitabu nyuma, kimoja kimoja, mia tatu na kitu, naangalia kama mtu wa mwisho wa hadithi amefika nyumbani. Vidole vilikuwa baridi. Vitano tayari havikuwa na mwisho, na nilikuwa sijamaliza safu ya kwanza.

"Nzau," Mwelu akaita. "Leo chini ya jiwe hakuna kitu."

"Funga na gazeti, vitabu bado nakagua."

"Gazeti inavuja."

"Wacha ivuje, Mwelu. Wiki hii wacha ivuje."