Pesa za Mapipa

Ann alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja. Wiki nzima anashinda ofisini na hesabu za watu, na Jumamosi ikifika, siku ambayo mtu mwenye akili timamu analala mpaka saa nne, simu inalia: Ann, hebu nitazamie kitu kidogo. Kila mtu aliyemjua London alikuwa na kitu kidogo. Kinyozi wa Tooting, mama wa maandazi, mpaka kanisa. Na wote walitaka jibu moja tu, kwamba mambo ni mazuri. Akisema si mazuri wananuna, wanamwita bundi. Daktari anakupima presha na unamshukuru, lakini mhasibu akikupima, ni kama yeye ndiye aliyekuletea ugonjwa.

Safari hii aliyempigia ni shangazi yake, Marcelina, dada ya babake, na shangazi hakataliwi. Ann alipotoka Taita na sanduku lake moja, Marcelina ndiye aliyempokea. Alimpa kitanda chake, yeye mwenyewe akawa analala kwenye kochi akitoka zamu, na hakuwahi kumkumbusha. Miaka ishirini na sita Marcelina aligeuza wagonjwa hospitalini, akawaosha, akawanyanyua, hadi mgongo wake ukakataa. Mwezi uliopita alistaafu. Wenzake wakamkatia keki, na serikali ikampa kiinua mgongo, ingawa mgongo wenyewe ulikuwa umeshainama.

Sasa alikuwa na mpango. Matar, mtu wa Mombasa mwenye kampuni ndogo ya kusafirisha mapipa ya mizigo kwenda nyumbani, alikuwa anataka kuacha mapipa na kuingia kwenye ulezi, yaani kupeleka walezi majumbani kwa wazee, kwa malipo ya kaunsili, serikali ya mtaa. London haikosi wazee, alisema, na mapipa siku hizi kila mtu anasafirisha. Alihitaji mshirika anayeijua kazi. Marcelina angetia kiinua mgongo chake chote, naye awe meneja, na meza yake, na kiti cha kuegemea.

"Wewe ukisema kampuni ni nzima, Jumatatu napeleka pesa," alimwambia Ann kwenye simu. "Ukisema ni mgonjwa, naacha. Lakini uende ukaione kwa macho yako, usiniambie mambo ya kwenye laptopu."

Ann alikuwa ameshazipitia hesabu kwenye laptopu, na hakuona kasoro. Benki kuna pauni elfu arobaini na ushei, deni hakuna hata senti. Kampuni ndogo isiyo na deni! Alizitazama mara mbili akitafuta ubaya, kisha akajionea aibu kwa kuutafuta. Hata hivyo alipanda treni mpaka Abbey Wood, akaunganisha basi hadi Thamesmead, mvua ile ya London isiyokunyesha wala kukuacha ikimlowesha nywele alizozitengeneza jana.

Ghala la Matar lilikuwa limejaa mapipa ya buluu, yamepangwa mawili mawili hadi karibu na dari, kila moja na jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe. Matar alimkaribisha kwa chai ya tangawizi na mahamri aliyoyapika mkewe, akafuta kiti kwa kanzu yake mwenyewe. Alikuwa mtu mzuri, na hilo lilimchosha Ann zaidi, kwa sababu watu wabaya ni rahisi kuwaambia ukweli. Marcelina alishafika, amevaa suti yake ya kanisani kana kwamba anakwenda kuhojiwa kazi.

"Kula kwanza, mwanangu," alisema. "Mahesabu hayakimbii."

Ann akala hamri moja, akala la pili, macho yakizunguka kwenye mapipa.

"Haya yanaondoka lini?" aliuliza.

"Makontena mawili, kabla ya Krismasi, inshallah," alisema Matar. "Ndiyo ya mwisho. Yakiondoka haya, nafunga mambo ya mapipa, tunaanza ulezi."

"Na wenyewe wameshalipa?"

"Wote. Unawajua watu wetu, dada Ann. Nampelekea mtu pipa tupu nyumbani kwake. Leo anatia sabuni, mwezi ujao viatu vya watoto, na mimi ananipa pauni kumi, ishirini, kadiri anavyojaliwa. Pipa likijaa, na pesa zimetimia. Simdai mtu na mtu hanidai."

"Meli umeshailipa?"

"Meli hulipwa tukipakia."

"Na ushuru wa Kilindini? Na lori la kuwafikishia watu kule?"

"Huo hulipwa mzigo ukifika."

"Utalipa kwa pesa zipi?"

Matar alicheka. "Si ndizo hizo ulizoziona benki?"

"Na walezi, mpaka kaunsili ianze kukulipa, utawalipa kwa pesa zipi?"

"Si ndizo hizo hizo," alisema Matar, kisha cheko likamkatika mdomoni, akabaki ameshika birika.

Hapo ndipo palipokuwa pamelala ugonjwa. Miaka kumi na tisa Matar amekuwa akilipia mapipa ya zamani kwa pesa za mapipa mapya. Ya kabla ya Ramadhani yalibebwa na ya kabla ya Krismasi, na ya Krismasi na ya Ramadhani inayofuata, na kwa kuwa hakuwahi kusimama hata msimu mmoja, hakuwahi kujua. Alidhani ana akiba. Alichokuwa nacho ni amana za watu, walizomkabidhi kumi kumi kutoka kwenye mishahara ya kufagia na kulea. Hakuiba hata senti moja, wala Ann hakumdhania hivyo. Mwizi angalau hujua kwamba pesa si zake.

Ann alijua la kufanya, na hakulitaka. Angeweza kusema, ni nzima, akarudi nyumbani akalala hadi Jumapili jioni, na Shangazi angekaa kwenye kiti chake cha kuegemea walau miezi mitatu. Miezi mitatu si haba kwa mtu ambaye hajawahi kukaa. Marcelina alikuwa anamtazama, mikono juu ya mkoba, na usoni ana tumaini kama la mtoto. Ann akajichukia, akaichukia na kazi yake. Lakini heri lawama kuliko fedheha.

"Shangazi," alisema, "kampuni si nzima."

Marcelina aliuvuta mkoba karibu na kifua.

"Ukitoa gharama za kuyafikisha mapipa haya, kinachobaki ni kodi ya ghala hili ya mwezi mmoja. Na biashara mnayoiendea ni kinyume cha hii. Kwenye mapipa, mteja anakulipa kabla hujafanya kazi. Kwenye ulezi unafanya kazi kwanza, unalipa walezi kila mwezi, halafu unakaa unaingoja kaunsili. Miezi miwili, mitatu. Mlezi naye hangoji, ana watoto."

"Na zangu zikiingia?"

"Zako zitawalipa walezi mpaka kama Machi hivi. Baada ya hapo hakuna kitu. Na Matar akiishiwa kabla ya ushuru kulipwa, zako ndizo zitakazoyatoa mapipa bandarini."

Matar alikuwa ameketi juu ya pipa, mkono kichwani. "Wallahi sikujua," alisema taratibu. "Nilikuwa naamka asubuhi nazitazama kwenye simu, nafurahi. Namwambia mke wangu, tumefika." Kisha akageuka. "Dada Marcelina, pesa zako sizitaki. Haya mapipa nitayafikisha, hata nikibaki na kanzu hii moja. Lakini zako sizitaki."

"Nimesikia, Matar."

"Nisamehe."

"Hujanikosea," alisema Marcelina, sauti yake ya kawaida, ile ya kumwambia mgonjwa geuka upande huu. Akamgeukia Ann. "Nawe hujakosea. Nilikuambia useme, ukasema. Nilikuwa naomba tu usiuone huo ugonjwa."

Ann alitaka kusema kwamba kiinua mgongo kipo, hakijaguswa, mtu anaweza kupumzika. Lakini yeye ni mhasibu, na pensheni ya Shangazi aliijua. Ilikuwa haitimizi hata kodi ya nyumba, na kiinua mgongo ukikila bila kazi, kinakwisha kabla hujazoea kukaa. Na Shangazi aliyajua hayo bila kuambiwa. Chai ikapoa, basi likapita nje.

Mwishowe Marcelina alisimama, akavua koti la suti, akalikunja vizuri na kuliweka kitini. "Matar," alisema, "lile pipa langu liko wapi?"

Lilikuwa safu ya nyuma, tayari limefungwa. Matar hakuuliza sababu. Alilivingirisha mpaka mbele, akakata kufuli dogo kwa koleo, akafungua kifuniko. Marcelina akainama, mgongo ukamkatalia nusu njia, akasaga meno na kuendelea. Alitoa shuka, sabuni, mafuta ya kupaka, pakiti za penseli, akamkabidhi Ann kimoja kimoja, hadi mkono ukapotelea chini kabisa. Akaibuka na jozi ya viatu vyeusi vya kazini, soli zimelika upande mmoja, vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amevitia humo avipate binti wa mdogo wake anayesomea uuguzi Voi.

"Huyu nitamtafutia vingine," alisema, akipangusa vumbi kwa kiganja. "Hebu nipigie simu wodini, mwanangu. Mimi nitalia. Waulize kama zamu za usiku bado zipo."

Ann akapiga. Zilikuwepo, tena kuanzia kesho.