Siwa ya Mkono wa Kushoto

Duka langu liko ndani ya Bunge, chini ya ngazi wanazopandia wageni. Nauza vikombe vyenye picha ya jengo, vishikio vya funguo, leso, na siwa ndogo za mbao, mfano wa lile rungu la heshima linalowekwa mezani kikao kinapoanza. Siwa ikiwa mezani, Bunge limekaa. Ikiondolewa, waheshimiwa wote wale ni wapiga soga tu, na wengine, Mungu anisamehe, hata ikiwepo hawaachi.

Siwa hizo ndogo, urefu wa kalamu, alikuwa anazichonga mume wangu. Halafu kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukafa. Mwaka mzima mwanamume yule alikaa anatazama ukuta. Ukimsemesha, kimya. Ukimtania, kimya, na mimi nimezoea mume wa kujibizana naye mpaka chai inapoa. Nilishaanza kumwomboleza mtu aliye hai.

Siku moja nikasikia patasi inagonga uani. Amekaa chini, gogo kalibana kwa miguu, anachonga kwa kushoto.

"Wewe, unafanya nini?"

"Kwani huoni? Mimi nimepooza mkono, wewe umepooza macho?"

Wee! Nilikimbilia jikoni nikalia. Amenitukana, maana yake amerudi.

Lakini mkono wa kushoto haukujua kazi ndogo. Kila alipojaribu siwa ya urefu wa kalamu, ilivunjika. Basi akachonga kubwa, sawasawa na ile ya mezani, na taji lake na majani yake. Akaniambia, "Hii kaiweke dirishani. Wajue sijafa." Alikuwa ameanza kula vizuri, analala vizuri, ananichokoza. Ningemkatalia vipi jamani?

Nikaiviringisha kwenye shuka. Mlangoni walinzi wananijua, wakasema mzigo wa duka huo, pita mama. Mume wangu yuko nyuma yangu, kavaa suti aliyonioa nayo, inampwaya, anachechemea na kusalimia kila mtu kama mgombea.

Hatujamaliza kuisimamisha, Mpambe akatokea. Huyu ndiye anayeibeba siwa begani kuingia nayo ukumbini, mtu mpole, hununua kwangu peremende za koo. Alipoiona alikaza mgongo kwa mazoea, kisha uso ukambadilika.

"Dada, hii umeipitisha wapi?"

"Mlangoni. Ulitaka niipitishe kwenye paa?"

"Ndani ya jengo hili siwa ni moja. Zile ndogo ni mapambo. Hii, mtu mwenye lake akiiweka mezani, tutabishana mpaka mahakamani kama Bunge lilikaa au halikukaa. Haibaki."

"Basi tunarudi nayo nyumbani."

"Na nzima haitoki. Kesho tutaiona barabarani, begani mwa mtu anayeigiza Bunge. Ikatwe hapa hapa, nikiona."

Nilimpandishia. Nilimwambia humu ndani hupita mabaya mazito kuliko gogo hili na hakuna anayetafuta msumeno. Kisha nikampigia magoti, mbele ya wageni, na mimi si mtu wa magoti. Akatazama sakafu, akasema naye ana kazi na watoto.

Mume wangu hakubishana. Aliipapasa siwa yake taratibu, mpaka chini ya taji. "Hapa," akasema. "Hapa mbao haitachanika. Leteni msumeno."

"Mzee, acha akate mwingine," Mpambe akasema.

"Mwingine ataipasua."

Msumeno ukaletwa. Akaanza kukata, lakini siwa ikawa inazunguka tu. Mkono wa kulia haukuweza kuizuia. Akanitazama.

"Nishikie, mke wangu."

"Siwezi."

"Nishikie bwana, inayumba."

Nikaishika. Nikaikandamiza mezani kwa nguvu zangu zote, huku namchukia Mpambe, naichukia mikono yangu, na mbao inatetemeka viganjani mpaka ilipoachana.

Jioni nikamwekea chakula, kijiko upande wa kushoto. Mkono huo ukabaki pajani. Nikamwambia kula, kinapoa. Nikamtania, eti unangoja tukupigie kura kwanza? Alifumbua mdomo tu, akangoja nimlishe.