Kiuno cha Tairi

Gari likiwa juu ya jeki, mshonaji alipiga magoti kwenye vumbi la gereji na kulizungushia tairi la mbele utepe wake, kama anayempima bibi harusi kiuno. Utepe haukufika. Akatia alama ya chaki, akaendelea.

"Mama, hilo hulishonei gauni," fundi magari alimtania.

"Nyamaza, utanipotezea hesabu."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amekwishaamua: giaboksi imekufa, gari liuzwe chuma chakavu. Mnunuzi alikuwa njiani. Kweli, kila lilipotiwa gia ya kuvuta magurudumu yote manne, lilinguruma na kukaza kama punda aliyegoma. Lakini bila gari hilo, sare za shule ya mlimani zingepandaje? Na hiyo ndiyo kazi iliyomweka mjini. Tangu afiwe, miezi sita sasa, kila jambo alilijibu, "Sawa, shemeji."

Akahamia nyuma, akapima. Akapima tena. Mbele, sentimita mia mbili arobaini. Nyuma, mia mbili ishirini na sita.

"Fundi, kitendawili."

"Tega."

"Ndugu wanne wamefungwa kamba moja. Wawili wana miguu mirefu, wawili mifupi. Nani atafika?"

Fundi aliutazama utepe, akajishika kichwa. "Hafiki mtu. Wanavutana mpaka kamba ikatike. Nani alinunua haya ya nyuma?"

"Mimi," shemeji alidakia kutoka mlangoni. "Ringi si ileile? Yameingia bila shida!"

"Kofia fupi na ndefu huingia kichwa kimoja, shemeji, lakini kimo si kimoja. Fundi, nitafutie mawili ya kimo cha haya ya mbele, hata yawe yametumika."

"Mnunuzi nimwambie nini?" shemeji aliuliza.

"Mwambie gari lina mwenyewe."

Fundi alipomaliza kuyafunga mawili aliyoyapata na kukaza nati, shemeji akauliza kwa sauti ya chini, "Na likikufia huko juu?"

"Nitakuwa nimekwama na gari langu."

Alipakia mafurushi ya sare, akashika njia ya mlimani. Penye kokoto na mwinuko mkali, akasimama, akavuta pumzi, akaingiza gia ile. Chini ya sakafu kitu kikagugumia mara moja, kikanyamaza. Akatega sikio. Kisha akakanyaga mafuta, gari likapanda bila kukaza.