Shule Yenye Maji

Mama yetu, Kavira, hakuwahi kununua kitu bila kukijaribu. Tochi aliiwasha, mawese aliyaonja, kufuli alilifunga na kulifungua mpaka mwenye mali akanuna. Ndivyo alivyolelewa Butembo, na ndivyo alivyoendesha duka lake Mpofi miaka yote ya vita. Kwa hiyo kaka yangu Symphorien alipotaka kujifunza ufundi wa mabomba, nilijua shule nayo itaonjwa kama mawese.

"Miye nataka masomo ya Walikale, Mama," alisema, maana kwetu shule huitwa masomo. "Iko karibu, na Mwalimu Séraphin anajua kazi."

Mama akaenda kuiona. Bomba la kwanza alilofungua, robine kama tuitavyo sisi, lilikohoa, likatoa kutu. La pili halikukohoa hata. Séraphin alieleza kwamba tangi la mjini lilivunjwa vitani, na kwamba wanafunzi huunga mabomba makavu, kisha huyajaribu kwa ndoo ya maji ya mvua. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Masomo ya maji, haina maji? Mwalimu, miye nauzisha chumvi, na chumvi iko mu duka!"

Akapanda lori la mjomba hadi upande wa Kirotshe, kwenye shule nyingine. Huko maji yaliteremka yenyewe kutoka mlimani, na kila bomba lilimwaga. Mama alinawa uso, akanywa, akamwandikisha mwanawe palepale. Symphorien alinung'unika siku nzima, lakini nani angebishana na mwanamke aliyerudi na ushindi wake?

Wenye bunduki nao wana kiu. Hilo hakuna aliyelifikiria, na mpaka leo linanichoma. Kiangazi kilipokausha visima, wapiganaji waliteremka, wakayapita majengo yote yasiyo na maji, wakapiga kambi katika ua wa shule ile. Wanafunzi walifukuzwa, isipokuwa wachache waliojua kazi, na Symphorien alikuwa hodari. Maadui wao walipokata bomba kule mlimani, yeye ndiye aliyetumwa kuliunga.

Aliliunga vizuri. Mwenzake Viateur, aliyefanikiwa kutoroka, alituambia kwamba maji yalikuwa yameshaanza kupita risasi zilipompata, akiwa bado amepiga magoti. Tulimlilia nyumbani bila mwili wa kuzika.

Mwaka uliofuata Séraphin aliingia dukani kutafuta msumeno wa chuma. Mama alimpa wa kwanza uliokuwa karibu, hata makali hakuyagusa.

"Wanafunzi wako?" aliuliza.

"Wako wote, Mama. Kule kwetu hakuna muntu anakuya kutusumbua."

"Na maji?"

Mwalimu aliinamisha kichwa kwa aibu. "Bado, Mama. Tunaomba Mungu kila siku."

Mama alimshika mkono juu ya meza ya duka, akakataa kuuachia.

"Musiombe tena, Mwalimu," alisema. "Acha robine ikauke."