Mwingereza wa Daraja la Ibra

Uwongo wa Muhanna ulikuwa na miaka ishirini na minane, na hakuwahi kuuonea haya mpaka asubuhi ile Turki alipomjia na daftari. Turki ni kijana wa baladiya, ile halmashauri ya mji, ndiye msimamizi wa bustani mpya ya Ibra, ile iliyopandwa majani na maua kandokando ya wadi, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha milimani.

"Shikamoo, babu. Lile daraja la chuma bustanini, watu wanasema walilijenga Waingereza. Kama kweli, tutalipaka rangi na kuliwekea kibao cha historia. Kama sivyo, khalas, linauzwa chuma chakavu, tunaweka la zege."

Muhanna akalitazama lile daftari. Waingereza gani! Alilijenga yeye, mwaka sabini na sita, hajamaliza hata miaka mitano tangu arudi nchi ya mababu zake kutoka Tabora. Aliokota vyuma vya kambi iliyohamwa, akaviunga kama alivyofunzwa kwenye karakana ya reli, watoto wapate kwenda skuli wadi ikishuka na mafuriko. Lakini majirani kulikanyaga? Ng'o! "Kazi ya Zinjibari hiyo, itatuzamisha," walisema, maana ndivyo walivyowaita wote waliotoka Afrika, hata wa bara. Kwa hasira akawaambia kuna Mwingereza kalichora na kulipima. Basi! Jioni ile ile walivuka, wao na punda wao.

"Mwambie!" Ghaniya, mkewe, alifoka kutoka jikoni. "Mwambie, mume wangu, au ntamwambia mimi!"

Muhanna akamtikisia kichwa. Ama jina lake libaki, ama daraja.

"Waingereza," alimjibu Turki. "Niliwaona kwa macho yangu."

Ghaniya hakusema naye siku tatu.

Siku ya kufungua bustani, Turki alisoma kibao kwa sauti, na watu wakawapigia makofi Waingereza. Muhanna naye akapiga. Lo, iliuma! Alimwona Ghaniya anakuja na mjukuu wao, Lujain, akaingiwa na hofu, maana mdomo wa mkewe haukuwa na breki. Ghaniya akaushika mkono wa mumewe, akautia ndani ya kiganja cha mtoto.

"Haya, mvushe Mwingereza wetu," alimnong'oneza Lujain. "Na usimwambie mtu. Daraja hili lote kalijenga kwa mkono huo ulioushika."

Lujain akautazama ule mkono, kisha akauinamia na kuubusu. Muhanna alilia pale pale, mbele za watu.